Karatasi za Mpiga Kinanda

Kwanza niwataje waliokuwapo, asije mtu akasema nimemtia asiyekuwapo au nimemtoa aliyekuwapo. Nilikuwapo mimi. Alikuwapo binti yangu, kitindamimba wangu, naye wakati huo alikuwa mjamzito. Alikuwapo wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye hata ukimwacha nyumbani utamkuta kafika kabla yako. Alikuwapo bibi wa Kizungu mwenye nyumba, ambaye binti yangu alikuwa akimpikia. Alikuwapo mwanamume mmoja wa bara, mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akipiga kinanda katika hoteli za Diani kabla hazijakosa wageni. Na walikuwapo Wazungu majirani, wake kwa waume, wamejaa viti vya sebule nzima. Hao sikuwa na uhusiano nao wowote, ila waliutazama mgongo wangu kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia siku ile.

Majina yao yote ninayo. La bibi ninalo, la marehemu mumewe ninalo, hata la mbwa wao. Mimi elimu yangu ni ya ngumbaru, nilishika kalamu nikiwa tayari nina wajukuu, kwa hivyo vingi nimeviweka kichwani na havijatoka. Lakini hapa sitaandika jina hata moja. Wengine wamekufa, wengine wana watoto wanaosoma, na sitaki kugombana na mtu uzeeni.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho wa tisini, baada ya zile fujo za Likoni za kuwafukuza watu wa bara, hoteli zilipobaki na paka na walinzi. Mkwe wangu alikuwa mhudumu wa mezani. Alipoachishwa kazi akaenda Mombasa kutafuta kibarua bandarini, akawa anakuja akijaliwa. Binti yangu akarudi kwangu Kinondo. Mimba zake mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, zote kabla hazijaonekana, na hii ya tatu alinificha hata mimi, mpaka nilipomwona anakwepa harufu ya samaki. Nikanyamaza naye. Mimba iliyokuja baada ya mbili kupotea haitajwi ovyo. Tuliiita "ile shughuli," na tulikuwa tukisema polepole.

Kazi kwa yule bibi ilikuwa nyepesi: kupika, kufua kidogo, kufagia. Nyumba yenyewe ilikuwa Galu, upande wa baharini, na ilisemekana bibi anaiuza arudi kwao. Alikuwa mrefu, mkavu, akitembea peku ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mtu aliyekuja kuiba. Siku ya kwanza nilipompelekea binti yangu mboga, bibi alitoka jikoni akaniambia, "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba kwa kuwa sikujua la kufanya. Lakini njiani nikajiuliza: huyu kanizidi umri, nywele zake zote nyeupe, mbona ananiamkia mimi shikamoo? Anataka nini kwangu?

Basi nikaanza kwenda mara kwa mara. Leo napeleka mboga ya mchunga, kesho nazi, keshokutwa nimesahau kikapu changu.

Alasiri moja nilikuwa nyuma ya jikoni, nimekalia mbuzi nakuna nazi, nikasikia kinanda kikianza ndani. Kisha kikafuatwa na kitu kama fidla. Fidla mimi naijua, harusi za mjini za zamani zilikuwa nazo. Hii ilikuwa na sauti nene kuliko fidla, sauti ya mwanamke aliyeamka na mafua, ana jambo zito la kusema na hataki majirani wasikie. Baadaye binti yangu aliniambia kwamba ile si fidla, ni dada yake mkubwa, inaitwa viola. Na wimbo wenyewe unaitwa sonata, ni wa watu wawili, wa viola na piano, hauna mwimbaji.

Nikawa nakuna na kusikiliza. Ukaenda, ukaenda, kisha ukakatika. Nikasikia wanasemezana kidogo. Wakaanza tena palepale, wakafika palepale, wakakata. Wakaanza tena.

Hapa lazima nimweleze msomaji ambaye si mtu wa kwetu. Kwetu wimbo wa harusi ukianza huenda mpaka watu wachoke. Ngoma ya sengenya ikianza huenda mpaka vumbi liwe juu ya paa. Mahali pamoja tu ndipo wapigaji hukata wimbo katikati wakatazamana wakaanza upya, nako ni pale mtu anapopungwa pepo. Mgonjwa, mwele tunamwita, hukalishwa karibu na ngoma na kayamba. Hakuna anayejua ana pepo gani, basi wapigaji hujaribu: wimbo wa pepo wa Kiarabu, wa Kimasai, wa huko bara. Wanamtazama mabega. Yasipotikisika, wanakata. Yakitikisika kidogo, wanarudia palepale, palepale, mpaka mwele ainuke mwenyewe. Na usiseme Wazungu hawamo. Pepo wa Kizungu yupo, nimemwona kwa macho yangu amempanda shangazi yangu, akataka kiti na meza na uma, na shangazi yangu maisha yake yote alikula mkekani.

Kwa hivyo niliacha kukuna. Nikajiuliza, mwele ni nani?

Nikajifuta mikono kwenye leso, nikazunguka ukuta mpaka kwenye dirisha la sebule. Lilikuwa na wavu wa mbu, umejaa vumbi la chumvi. Niliona kinanda kikubwa cheusi kimefunuliwa mgongo. Nilimwona bibi amesimama, viola ameibana chini ya taya, amefumba macho. Nilimwona mwanamume wa bara kwa nyuma, shati limemganda. Na kushoto kwake, juu ya kigoda, alikuwa amekaa mwanangu.

Hakuwa na ufagio wala sinia. Amekaa mikono mapajani, hapepesi, anamkazia macho yule mwanamume. Muziki ukapanda, ukapanda, mwanamume akainamisha kichwa mara moja, na mwanangu akainuka. Hakuna aliyemwita. Aliinuka kama aliyevutwa na uzi, akanyoosha mkono mbele mahali nisipopaona, akaketi tena. Wakakata. Wakaanza tena. Akainuka tena.

 Nilirudi kwenye nazi yangu nikaikuna mpaka nikajikuna kidole.

Jioni hiyo nikaenda kwa wifi yangu. Yeye ujanani alikuwa mpiga kayamba katika ngoma hizo, alikuwa akiitwa mpaka Msambweni na huko mbele. Alipokuwa mtu mzima akaacha, akashika msikiti, lakini maarifa hayakumtoka.

"Anainuka mwenyewe?" akaniuliza.

"Mwenyewe."

"Na mabega?"

"Mabega sikuyaona vizuri. Kuna wavu."

"Umekwenda kuchungulia ngoma na hukutazama mabega! Ulitazama nini wewe, mapazia?"

"Wifi, mimi nimekuja kutaka ushauri, sikuja kutukanwa."

"Haya. Yule bibi anahama, sivyo? Anarudi kwao. Sasa mtu mzima mwenye pepo, anakwenda mahali ambapo hakuna wa kumpungia, pepo wake atamwachia nani? Lazima amtafutie kiti kipya." Kiti, katika maneno ya ngoma, ni mtu anayekaliwa. "Wanatafuta kiti, mwenzangu. Na wamekwisha kukipata, kina mimba."

"Nyamaza wewe!"

"Nitanyamaza. Ila mapepo wengine hawapendi kubanana na mtoto. Nimenyamaza."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamkamata binti yangu kabla hajatoka.

"Unafanya nini kwenye kile kigoda?"

"Umeniona wapi, Mama?"

"Nimekuuliza."

"Nafunua karatasi. Muziki wake umeandikwa. Akifika mwisho wa ukurasa ananiinamishia kichwa, nafunua. Basi."

"Yeye hana mikono?"

"Mikono inapiga."

"Mwanamume mzima, mikono miwili, hawezi kufunua karatasi mpaka aletewe mwenye mimba?"

"Hawajui kama nina mimba."

"Hawajui! Na hizo karatasi zimeandikwa nini?"

"Vidoti na mistari. Mimi siwezi kuvisoma."

"Huwezi kusoma kilichoandikwa, na unafunua."

Akacheka. Mimi sikucheka. Maandishi yasiyosomwa nayajua kazi yake. Mwalimu wetu akiandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji, mgonjwa hulinywa bila kusoma herufi moja, na hupona. Sasa nani ataniambia kwamba karatasi ukizifunua hujui zina nini hazikufanyi kitu?

Nikamletea kombe. Akalinywa kwa adabu, akaenda kazini. Aliporudi nikamwambia aache ile kazi. Hapo ndipo alipoketi kitandani akaniambia jambo ambalo lilinitisha kuliko yote.

"Mama, nikifagia nawaza. Nikipika nawaza, naiwaza ile shughuli, naisikiliza, nangoja ianze kuuma kama zile mbili. Hata saa hii nawaza. Pale kwenye kigoda tu ndipo siwazi, maana lazima nitazame kichwa chake. Usiniondoe pale."

Sasa wewe msomaji utasema ni maneno mazuri hayo. Kwetu mwele yeyote atakuambia hivyohivyo, kwamba pale kwenye ngoma ndipo anapopumzika. Ndiyo dalili yenyewe.

Niliamua kumwendea yule mwanamume. Nilimngoja kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwa bibi, nikiwa na mahamri na mbaazi za nazi katika bakuli lililofunikwa. Akaja na baiskeli yake, mkoba wa karatasi begani.

"Habari yako, mama."

"Nzuri, mwanangu. Karibu mbaazi."

Alilitazama bakuli kama limeota meno. "Asante, mama. Nimeshiba tu."

"Umeshiba nini saa hizi?"

"Nimekula chapo huko Ukunda."

Nikaelewa. Mwaka ule watu wa bara walikuwa wakiambiana mambo kutuhusu, kama sisi tulivyokuwa tukiambiana kuwahusu. Aliogopa nimemtilia kitu. Mimi nimekuja kumchunguza kama ni mganga, kumbe yeye ananichunguza mimi kama ni mchawi!

"Nitakula mbele yako," nikamwambia, nikamega hamri, nikachovya, nikala. Alinitazama koo mpaka nikameza. Akangoja kidogo aone kama nitaanguka. Kisha akala mahamri matatu.

"Sasa niambie," nikasema. "Kila siku mnarudia palepale. Mnatafuta nini?"

"Hiyo ni sehemu ya pili, mama. Sonata iko na sehemu tatu. Ya kwanza na ya tatu tumeshika. Hii ya pili ni ngumu."

"Vidole?"

"Si vidole. Ni pole sana. Yeye anataka nimngoje, mimi nakimbia. Nimezoea hoteli, huko ukipiga kitu pole hivyo Wazungu wanalala kwa sahani. Kwa hivyo tunarudia mpaka ikae."

"Na ikikaa?"

"Ikikaa tutaita watu waje wasikize. Mara moja tu. Anataka kuipiga mara moja kabla aende kwao. Alikuwa anaipiga na bwana yake. Huyo bwana ndiye alikuwa wa piano, alikufa hapa hapa nyumbani."

Nikasimama na bakuli langu. Kumbe palikuwa na marehemu pia, na kiti cha marehemu ndicho anachokalia huyu. Wanarudia mpaka ikae, ikikaa wanaita watu, na baada ya hapo mwenyewe anaondoka. Hakuna neno alilosema ambalo wifi yangu hakuwa amelisema kabla yake.

"Na binti yangu?" nikauliza. "Ni lazima awe yeye?"

"Mimi ningefunua mwenyewe nikikunja hizo kona za karatasi. Ni bibi amesema anapenda huyo dada akae hapo. Anasema ametulia."

Ametulia! Nikampa kisogo nikaenda zangu.

Haikupita muda, bibi mwenyewe akaja jikoni nikiwa nachambua mboga. Akaniamkia tena shikamoo yake. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha polepole, kila neno limekaa peke yake.

"Mama, Jumapili alasiri tutapiga muziki. Tafadhali uje. Mlete na wifi yako. Binti yako atakaa palepale. Bila yeye hatuwezi."

"Bila yeye hamwezi?"

"Hatuwezi," akasema, akanishika mkono. Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa na sugu kwenye ncha, vigumu kama pembe.

Nilimpelekea wifi yangu habari hizo neno kwa neno. Akajipiga paja. Tukapanga. Tutakaa karibu na mlango wa barazani. Wifi atatazama mabega, kwa kuwa mimi sikuaminiwa tena kwa mabega. Yakitikisika, mimi nitakwenda kumshika binti yangu kiuno, nimtoe nje.

"Na mimi nitazimia," akasema wifi.

"Uzimie kwa nini?"

"Wazungu wanaogopa sana mtu aliyezimia. Watanikimbilia mimi, nyinyi mpite."

Jumapili ikafika. Tulipoingia sebuleni kwanza nilinusa. Hakuna udi, hakuna ubani, harufu ya nta ya mbao tu. Nikasema moyoni, wameficha. Kisha nikawaona wale watatu wakitoka chumbani. Bibi alikuwa amevaa gauni jeusi. Mwanamume amevaa suti nyeusi, fupi mikononi. Na mwanangu, ambaye nilimwacha asubuhi na leso zake za maua, amevaa gauni jeusi alilopewa na bibi. Wifi yangu akanifinya. Pepo kila mmoja ana nguo ya rangi yake, na mwele huvikwa rangi hiyo siku ya ngoma kubwa. Hilo hata mtoto wa Kinondo analijua.

Wakaanza. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya haraka kiasi, kinanda kinauliza, viola inajibu kwa mkato, wakati mwingine wanasema wote pamoja kama watu wanaogombania kusimulia habari moja. Mwanangu aliinuka, akafunua, akaketi. Akainuka tena, akafunua. Safari hii karatasi niliziona. Zilikuwa kweli vidoti na mistari, kama sisimizi waliokwama kwenye nyuzi.

Sehemu ile ikaisha. Wifi yangu akainua mikono apige makofi. Mzungu aliyekuwa nyuma yetu akamtikisia kichwa. Hakuna aliyepiga kofi hata moja! Walikaa tuli. Mmoja akakohoa, wakakohoa wote, kama waliokuwa wakingoja ruhusa, kisha kimya. Sasa nieleze wewe: watu wamekaa wamesikiliza wimbo mzuri, umekwisha, na hawapigi makofi wala vigelegele. Wanangoja nini hao?

"Hajapanda bado," wifi akaninong'oneza. "Wanajua wao."

Ikaanza sehemu ya pili, ile ya pole. Nilikuwa nimeisikia vipandevipande kwa majuma, nikikuna nazi, nikidhani naijua. Sikuwa nikiijua. Viola ilianza chini kabisa, kinanda kikaingia nyuma yake kwa hatua ndogo, kama mtu anayetembea na mgonjwa na hataki mgonjwa ajue kwamba anangojwa. Wakafika pale walipokuwa wakikata kila siku. Nikashika kiti. Hawakukata. Wakapapita. Mwili wote ulinisisimka, nikaukataza. Nikasoma Kul-audhu moyoni. Ule muziki ulikuwa mzuri, nisiseme uongo, na uzuri wake ndio ulionitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hakuna anayemwita mgeni kwa sauti mbaya.

Mwanamume akainamisha kichwa. Mwanangu akainuka.

Lakini hakunyoosha mkono. Alisimama pale, mdomo wazi, mkono wake ukaenda tumboni. Macho yakamtoka, hamtazami tena mpiga kinanda, hatazami popote. Mwanamume akainamisha kichwa mara ya pili. Akainamisha mara ya tatu, kwa nguvu, jasho likadondoka kwenye meno ya kinanda.

"Mwendee!" akasema wifi.

Sikumbuki kuvuka sebule. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa mlangoni, kisha nilikuwa nimemshika mwanangu kiuno mbele ya Wazungu wote, na muziki unaendelea sikioni mwangu kwa karibu mno.

"Twende," nikamwambia.

"Mama." Alikuwa akinong'ona, na machozi yanamtoka, na anacheka. "Amenipiga."

"Nani kakupiga?"

"Mtoto. Amenipiga teke. Mama, amenipiga!"

Wale wawili wa kwanza hawakufika kupiga teke. Tulikuwa tukilingoja teke hilo bila kulitaja, mimi na yeye, kila mmoja upande wake wa kitanda. Na sasa limekuja, na nimesimama pale nimemshika, na sikuweza kufurahi. Nilijiuliza: aliyepiga ni nani? Ni mtoto aliyekuwamo, au ni aliyeitwa kwa majuma na majuma, ndiyo kwanza amefika na anajinyoosha?

Nyuma yangu nikasikia wifi ameanza kuguna, yuko tayari kuzimia, mguu mmoja amekwisha kuutoa kwenye kiatu. Mwanamume wa bara alikuwa sasa anapiga kwa mkono mmoja, mwingine unahangaika na kona ya karatasi na kuikosa. Akageuka. Akaniangalia mimi, si mwanangu. Akaniinamishia mimi kichwa.

Nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri maishani. Nikimtoa mwanangu sasa na wimbo haujaisha, kama kuna anayekuja atamfuata njiani, maana ngoma iliyokatwa mwele akiwa amesimama huwa ni balaa. Nikimwacha pale, atakaliwa yeye. Lakini kigoda ni kimoja, na anayeitwa huja kwa aliyekaa karibu na ngoma. Mimi ni mzee. Tumbo langu limekwisha kufunga kazi. Hana cha kunidhuru.

"Nenda kaketi kwa shangazi yako," nikamwambia.

"Mama, unataka kufanya nini?"

"Nenda!"

Nikamsukuma. Nikasema Bismillahi, nikafunua.

Nilifunua karatasi mbili kwa pamoja, zilikuwa zimeshikana kwa unyevu. Mwanamume akairudisha moja kwa kofi, akatamka neno la kwao ambalo nalikumbuka na sitaliandika. Bibi hakukata hata kidogo. Alifumbua macho mara moja tu, akaniona, akasogea nusu hatua kunipisha nafasi, akafumba tena. Nikakaa kwenye kigoda.

Nikakaa mpaka mwisho. Sehemu ya pili ikaisha, wakakohoa, na mimi nikakohoa. Sehemu ya tatu ikaja mbio kama watoto waliofunguliwa madrasa, na kile kichwa kikawa kinainama kila mara, nami nainuka, nafunua, naketi. Katikati nilijaribu kusoma sura zote za kinga ninazozijua, nikafika nusu ya moja, kichwa kikainama, nikasahau nilipofikia. Mabega yangu niliyakaza kama mawe. Sikutaka mtu yeyote, wa sebuleni au asiyeonekana, ayaone yakitikisika.

Makofi yalikuja mwishoni, mengi, watu wamesimama. Wakataka na mimi niiname kama wale wawili. Sikuinama. Bibi akanishika mikono yote miwili akasema asante, asante mama, na nilimtazama ndani ya macho nione kama kuna aliyetoka. Yalikuwa mekundu. Zaidi ya hapo sikuona kitu. Wifi yangu alikuwa amepewa soda na mwanamke wa Kizungu aliyedhani anaumwa na jua.

Bibi aliondoka kabla ya Ramadhani, na viola yake kwenye kasha mgongoni. Siku ya kuaga alimpa binti yangu zile karatasi. Nilizichukua mimi, nikazifunga ndani ya leso kuukuu, nikaziweka juu ya kabati mahali ambapo hakuna mikono ya kitoto. Hazijafunuliwa tangu hapo.

Mtoto alizaliwa Msambweni, wa kike, mzima, amelia mara tu alipotoka. Nilimkagua mwili wote kabla sijamfunga nguo, kila kidole, nyuma ya masikio, utosini. Sikupata alama. Niliendelea kumkagua miaka mingi. Sasa ni mke wa mtu, na akinijia bado namtazama anavyokaa.

Binti yangu ananicheka. Anasema palikuwa na sonata na palikuwa na teke, basi. Wifi yangu mpaka kufa kwake alishikilia kwamba pepo alikuja, na kwamba amekaa kwangu, na kwamba ndiyo maana nimeishi kuwazidi wote. Mimi sijakubali wala sijakataa. Sijakwenda kupungwa. Kama yumo, hajaomba kitu, na mimi sijamuuliza.

Kuna jambo moja tu tunalobishania mpaka leo. Binti yangu anasema mtoto alipiga teke kwanza, yeye akasimama kwa mshtuko, ndipo yule mwanamume akainamisha kichwa. Mimi nakumbuka kichwa kiliinama kwanza, akainuka, ndipo akapigwa. Kwake haina maana. Kwangu ina maana kubwa, kwa sababu kama ni vile asemavyo, basi mtoto alijipigia mwenyewe, na muziki haukumwita mtu. Yule mwalimu wa kwaya alirudi bara na sikumpata tena nimuulize. Kwa hivyo wewe kama ulikuwa umekaa sebuleni mle, hata kama ulikuwa mgeni wa mtu, na ulimwona, niambie kipi kilitangulia. Na kama nimekosea penginepo, siku, nguo, au nani alikaa wapi, nisahihishe hapohapo, sitakasirika. Nyumbani kwangu Kinondo hakuna asiyepajua, uliza tu.